Sura ya Nne: Kama Tumetokana na Nyani, Mbona Nyani Bado Wapo?

Swali hili utalisikia Palma, mkoani Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji, mwanafunzi wa sekondari anaporudi nyumbani na daftari lake la baiolojia. Utalisikia Ibo, barazani, baada ya sala ya alasiri. Utalisikia hata katika mji wa Pemba, kwenye nyumba zilizojaa ndugu waliokimbia vita vilivyoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017. Mara nyingi linatolewa kama kifunga mdomo: mwulizaji ameshashinda, mwalimu hana la kusema. Na walimu wengi hujibu kwa kukemea au kwa kubadilisha mada, jambo ambalo ni la kusikitisha, maana swali ni zuri kupita wanavyodhani.

Uzuri wake ni kwamba limebeba ndani yake fikra yenye umri wa zaidi ya miaka elfu mbili. Anayeuliza hajasoma Aristotle wala Ikhwan as-Safa, lakini anazungumza kwa lugha yao. Kwa hiyo jibu haliwezi kuanza na mifupa. Litaanza na falsafa, yaani ile kazi ya kuyachunguza mawazo tunayoyachukulia kuwa hayahitaji ushahidi. Kutoka hapo tutaingia kwenye baiolojia ya mageuko, elimu inayoeleza jinsi jamii za viumbe zinavyobadilika kizazi baada ya kizazi na jinsi jamii moja inavyogawanyika ikawa mbili.

Ngazi ya Ugiriki na Basra

Aristotle, aliyezaliwa mwaka 384 kabla ya Kristo, hakuwa mtu wa kukaa ndani na kuwaza tu. Alikaa katika kisiwa cha Lesbos, kando ya ghuba yenye maji matulivu, akawauliza wavuvi, akapasua samaki, akaandika. Alieleza jinsi pweza anavyobadili rangi akafanana na jiwe alilokalia. Mwanamke wa Ibo anayeshuka mwambani wakati wa bamvua kuchokoa pweza angemwelewa mara moja. Yeye hamtafuti pweza kwa rangi, kwa sababu rangi ya pweza haiaminiki. Hutafuta tundu, na mbele ya tundu maganda ya kaa na chaza yaliyotupwa nje baada ya mlo. Anayajua haya kwa macho na kwa mkono, kama Aristotle alivyotaka elimu ijulikane.

Lakini Aristotle alitaka pia mpango. Alisema mmea una uwezo wa kukua na kuzaa. Mnyama anao huo, na juu yake ana uwezo wa kuhisi na kwenda. Binadamu ana yote hayo na juu yake akili. Hapo ngazi imeshasimama. Jambo la pili alilolishikilia ni dhati: kile kinachokifanya kitu kiwe hicho kilicho na kisiwe kingine. Changu ana dhati yake ya uchangu, simba ana ya kisimba, na dhati haizaliwi wala haifi. Changu mmoja mmoja hufa, uchangu unabaki milele. Aristotle mwenyewe aliona kwamba viumbe hupishana kidogo kidogo, kiasi kwamba mpaka kati ya mmea na mnyama ni mgumu kuuonyesha. Hata hivyo hakufikia kusema kwamba aina moja imetokana na nyingine.

Vitabu vyake vilitafsiriwa kwa Kiarabu, na hapo hadithi inasogea karibu na bahari yetu. Basra, mji ambao biashara yake ilifungamana na misimu ya pepo za Bahari ya Hindi, aliishi Al-Jahiz, aliyefariki karibu mwaka 869. Aliandika kitabu kikubwa juu ya wanyama, akaonyesha jinsi kila mmoja anavyomwinda mdogo wake na kumkimbia mkubwa wake. Aliandika pia risala ya kuwatetea watu weusi, wakiwemo Wazanji wa pwani hii ya Afrika Mashariki, akisema rangi ya ngozi inatokana na nchi, jua na maji ya mahali, wala si adhabu ya Mungu. Siku hizi wapo wanaodai kwamba alimtangulia Darwin. Nadhani wanamzidishia. Aliona mapambano na aliona nguvu ya mazingira, lakini hakuunganisha mambo hayo mawili kueleza aina mpya zinakotoka. Heshima yake inatosha bila kumpa ya mtu mwingine.

Katika karne ya 10, mjini humo humo, kikundi cha wanafalsafa waliojiita Ikhwan as-Safa walieleza ngazi hiyo hatua kwa hatua: madini, mimea, wanyama, binadamu, malaika. Mtende waliuweka juu kabisa ya mimea, karibu na wanyama, kwa kuwa una dume na jike, na ukikatwa kichwa unakufa. (Mnazi nao ukikatwa kilele hufa, wakulima wa pwani wanalijua hilo vizuri.) Mwaka 1377 Ibn Khaldun, ambaye baadaye alikuwa kadhi Cairo, aliandika kwamba mwisho wa kila daraja umeungana na mwanzo wa daraja la juu yake, na akamtaja nyani karibu na binadamu.

Sasa lirudie swali. Kama viumbe ni ngazi, na kama mageuko maana yake ni kupanda, basi nyani waliokuwa chini walipanda wakawa watu, na hapa chini pasibaki nyani. Mbona wapo? Ndani ya ngazi, swali lina mantiki kamili. Kasoro iko kwenye ngazi yenyewe.

Samaki aliyewachanganya wataalamu

Mwaka 1842 kijana wa Kijerumani aitwaye Wilhelm Peters alifunga safari ya kuja Msumbiji. Alizunguka nchi hii miaka kadhaa, akafika mpaka visiwa vya Quirimba, akakusanya samaki, mijusi, popo na mimea. Mwalimu wake Berlin, Johannes Müller, alikuwa katika miaka hiyo hiyo akithibitisha jambo ambalo Aristotle aliliandika na watu wakalipuuza kwa karne nyingi: kwamba kuna papa ambaye watoto wake hukua tumboni mwa mama wakiwa wameunganishwa naye kwa kitovu. Mgiriki alikuwa sahihi.

Quelimane, kusini zaidi ya pwani hii, Peters alipata kiumbe ambaye vitabu vya wakati huo havikujua pa kumweka. Sisi Waswahili tunamfahamu ndugu yake kwa jina la kamongo. Mtazame kwa karibu. Ana magamba na matamvua, kwa hiyo ni samaki. Lakini mapezi yake manne ni membamba kama kamba, na anapotembea chini ya maji huyapiga kwa zamu kama anayepapasa njia gizani. Kila baada ya muda hupanda juu, hutoa mdomo, hupiga funda la hewa. Ana mapafu. Ukimzuia asifike juu ya maji, atakufa maji, samaki huyu. Kiangazi kikikausha dimbwi, ndugu zake wengi huchimba tope, hujikunja humo, na kusubiri mvua.

Mwaka 1844 Peters alimtangaza kwa wataalamu, na jina la kisayansi la kamongo huyo mpaka leo ni Protopterus amphibius, ambalo ndani yake mna maana ya kiumbe wa maisha ya pande mbili. Ubishi ulikuwa umeshawaka kabla ya hapo. Wataalamu wa Vienna waliomchunguza kamongo wa Amerika Kusini walisema ni jamii ya wanyama watambaao. Richard Owen wa London alishikilia kwamba kamongo ni samaki. Wote walikuwa na macho mazuri na visu vikali. Kilichowagombanisha ni ule urithi wa dhati: kila kiumbe lazima awe na ndani yake usamaki kamili au usiwe nao kabisa. Kamongo hakukubali kujibu swali lililoulizwa hivyo.

Mwaka huo huo wa 1844, Charles Darwin alimaliza kuandika muhtasari mrefu wa nadharia yake ya mageuko, akauweka ndani na barua ya kumwomba mkewe auchapishe iwapo yeye atafariki. Miaka 15 baadaye, mwaka 1859, alipotoa kitabu chake juu ya asili ya spishi, jamii ya kamongo ilikuwamo. Aliwaita mabaki hai: viumbe waliosalia mahali ambapo ushindani si mkali, na ambao kwa kiasi fulani wanaunganisha makundi ambayo leo yametengana mbali. Aliyewatesa wengine, kwa Darwin akawa shahidi.

Kutoka Kilwa hadi Ibo

Darwin aliona nini ambacho Owen hakukiona? Njia fupi ya kulieleza ni safari ambayo watu wa pwani wameifanya kwa jahazi tangu zamani. Na ulinganisho huu si wangu peke yangu. Darwin mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1871, aliandika kwamba lugha na spishi huundwa kwa njia zinazofanana.

Ondoka Kilwa. Pita Lindi na Mikindani, vuka mdomo wa Mto Ruvuma, ingia Quionga, Palma, Mocímboa da Praia, halafu shuka mpaka Ibo. Kila unapotia nanga, unaelewana na mwenyeji wa hapo, na kila bandari maneno yamegeuka kidogo, sauti imegeuka kidogo. Palma unakutana na Kimakwe, kilichoshikana na Kimakonde. Ukifika Ibo watu wanazungumza Kimwani, na mtoto wa Kilwa aliyeletwa pale ghafla atahangaika. Lakini hakuna kijiji ambacho usiku watu walilala na lugha moja wakaamka na nyingine. Wataalamu mpaka leo hawajakubaliana kama Kimwani ni lahaja ya Kiswahili au ni lugha ndugu inayojitegemea. Mto Ruvuma ni mpaka wa nchi, na hata mpaka huo umewahi kuhama: pembe ya Quionga ilikuwa mikononi mwa Wajerumani tangu 1894 hadi Wareno walipoichukua mwaka 1916. Wanakijiji waliendelea kuzungumza kama jana.

Sasa jiulize: kama Kimwani na Kiswahili vimetokana na lugha moja ya kale, mbona Kiswahili bado kipo?

Hakuna mtu anayeliuliza hilo. Kila mtu anajua kwamba Kimwani hakikutoka kwenye Kiswahili cha leo, wala Kiswahili cha leo hakikutoka kwenye Kimwani. Vyote viwili ni watoto wa mzazi mmoja ambaye hayupo tena, na kila mmoja ameendelea kubadilika kwa upande wake. Ndivyo ilivyo kati yetu na sokwe. Wazee wetu na wazee wao waliachana kiasi cha miaka milioni 6 au 7 iliyopita. Tumbili na nyani wa manjano wanaovamia mashamba ya Cabo Delgado ni ndugu wa mbali zaidi. Ukoo wao na wetu uliachana zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita. Nao hawakusimama wakitusubiri. Wamebadilika kwa kipindi kile kile tulichobadilika sisi.

Kwa ufupi, mpaka hapa:

- Falsafa ya kale iliwapanga viumbe kwa ngazi, kila aina na dhati yake isiyobadilika.
- Darwin aliiondoa ngazi, akaweka mti wa ukoo wenye matawi. Mchoro wa kwanza wa mti huo aliuchora kwenye daftari lake mwaka 1837.
- Mtu hakutokana na nyani wa leo. Mtu na nyani wa leo wana babu mmoja aliyekwisha kutoweka.

Kuna badiliko jingine, la ndani zaidi, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Kwa Aristotle, tofauti kati ya changu huyu na changu yule ni dosari ndogo juu ya dhati moja. Darwin aliligeuza hilo kichwa chini miguu juu. Kwake tofauti ndiyo kitu halisi, na aina ni jina tunalowapa walio karibu karibu. Viumbe huzaliwa wengi kuliko watakaoishi, hawafanani, wale ambao tofauti zao zinawafaa mahali walipo huacha watoto wengi zaidi, na tofauti hizo hurithiwa. Hii inaitwa uteuzi asilia. Bila tofauti hakuna cha kuteua.

Gombessa hakuwa babu yetu

Tarehe 22 Desemba 1938, katika mji wa bandari wa East London, Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer alikuta kwenye rundo la samaki wa meli ya uvuvi samaki mmoja wa buluu mwenye mapezi manene yenye nyama, kama viungo. Mtaalamu wa samaki J. L. B. Smith alimtambua: silikanti, jamii iliyodhaniwa imetoweka pamoja na madinosaria, kiasi cha miaka milioni 66 iliyopita.

Smith alitaka wa pili. Alisambaza karatasi zenye picha ya samaki huyo kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, zikiahidi zawadi ya pauni 100, na yeye na mkewe Margaret wakaja kuchunguza samaki wa pwani ya kaskazini ya Msumbiji. Waliomjua samaki huyo walikuwa ng'ambo ya pili ya mlango wa bahari. Wavuvi wa Ngazija na Nzwani walikuwa wakimvua muda wote huo na wakimwita gombessa. Desemba 1952 Ahamadi Abdallah alimvua mmoja karibu na Domoni, kisiwani Nzwani. Habari zikamfikia Eric Hunt, nahodha aliyefanya biashara kati ya Zanzibar na Komoro, na Smith akapewa ndege ya jeshi kwenda kumchukua.

Magazeti yalitangaza kwamba babu yetu amepatikana. Hapo ngazi ilirudi kwa mlango wa nyuma: samaki mwenye miguu alionekana kama kidato kilichokosekana kati ya bahari na nchi kavu. Haikuwa hivyo. Mwaka 2013 wanasayansi walitangaza kwamba wamesoma jeni zote za silikanti, yaani maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya seli, wakazilinganisha na za viumbe wengine. Aliyeonekana kuwa karibu zaidi na sisi wenye miguu minne ni kamongo, yule yule aliyewagombanisha mabwana wa London na Vienna. Gombessa ni binamu wa mbali kidogo.

Wala hayuko Komoro peke yake. Mwaka 1991 jike mmoja alinaswa karibu na Pebane, mkoani Zambézia, akiwa na watoto 26 tumboni waliokaribia kuzaliwa. Mwaka 2003 akapatikana Songo Mnara, na tangu hapo wengi wamenaswa kwenye majarife upande wa Tanga, mpaka ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti mwaka 2009. Yuko kaskazini ya Cabo Delgado na yuko kusini yake.

Kinachofaa, kinafaa wapi?

Falsafa ya kale ilipenda pia kuuliza kila kiungo kimekusudiwa nini. Mwaka 1802 William Paley wa Uingereza alijenga hoja yake yote juu ya ufundi wa maumbile, na Darwin alipokuwa mwanafunzi alimsoma kwa mapenzi makubwa. Mageuko hayajafuta swali la manufaa, yamelibana. Siku hizi tunauliza: kinamfaa nani, mahali gani?

Mfano wake uko kwenye damu ya watu wa pwani. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi hiyo. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria alikuta jeni ya selimundu kwa zaidi ya watu 20 katika kila 100 katika baadhi ya jamii. Nyanda za juu haikufika hata mmoja katika 100. Mwaka 1954 alitoa maelezo. Mtoto akirithi jeni hiyo kwa wazazi wote wawili, anapata ugonjwa wa selimundu, na maumivu yake wazazi wengi wanayajua. Akiirithi kwa mzazi mmoja tu, anakingwa kwa kiasi kikubwa asiuawe na malaria. Jeni moja, nchi ya mbu ni ngao, nchi ya baridi ni mzigo mtupu. Ukitafuta ubora wake ndani ya jeni peke yake, hutaupata.

Ngazi walipopangwa watu

Ningependa kuishia kwenye samaki, lakini ngazi haikuishia kwenye samaki. Ulaya ya karne ya 18 na ya 19 iliwapanga binadamu wenyewe kwa vidato, Mzungu juu na Mwafrika chini, karibu na nyani. Darwin aliichukia biashara ya utumwa, lakini katika kitabu chake cha 1871 bado aliandika juu ya mataifa ya chini na ya juu. Aliivunja ngazi ya viumbe na kipande chake kikabaki mkononi mwake. Huku kwetu kipande hicho kilikuwa sheria. Chini ya Wareno, mtu wa Cabo Delgado alikuwa mwenyeji asiye na haki za raia, isipokuwa athibitishe kwamba amepanda hadi kuwa assimilado: azungumze Kireno, aishi Kireno. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1961.

Baiolojia yenyewe imeikataa ngazi hiyo. Mwaka 1972 Richard Lewontin alihesabu tofauti za kurithi kati ya binadamu, akakuta kiasi cha asilimia 85 ziko ndani ya kila jamii, kati ya jirani na jirani. Vipimo vilivyofuata vimeonyesha pia kwamba tofauti nyingi zaidi za kurithi ziko Afrika, kwa sababu hapa ndipo watu wamekaa muda mrefu kuliko popote.

Kwa hiyo, mwalimu wa Palma, wa Mtwara au wa Mombasa, ipo ile picha ya mwaka 1965 iliyochorwa na Rudolph Zallinger kwa ajili ya kitabu cha Marekani, ambayo imenakiliwa kila mahali: kiumbe anayefanana na nyani anainuka hatua kwa hatua mpaka anakuwa mtu aliyesimama wima. Ikiwa iko kwenye ukuta wa darasa lako, ibandue. Chora mti ubaoni, na uwaachie wanafunzi wenyewe chaki waandike majina kwenye ncha za matawi: pweza, gombessa, kamongo, tumbili, sokwe, mtu.